Kabla ya Kupandisha Gari, Lipime

Papa na mama wote wa Katuba, wa Kenya na Kamalondo, komini zetu hapa Lubumbashi, na wewe shofere uliyeegesha pembeni ukingoja abiria huku redio ikiongea, nisikilizeni. Leo maongezi yetu ni ya motoka. Mvua zinakaribia, na kila zinapokaribia magereji yetu ya hapa, yale ya chini ya miembe, hujaa magari yaliyosimamishwa juu ya magogo. Matairi yamevuliwa, fundi yuko mvunguni, na mwenye gari amesimama kando akirudia neno moja: ipandishe, fundi, ipandishe.

Shofere mmoja anayefanya njia ya Kasenga ametuletea swali lake. Anapeleka bidhaa za duka, anarudi na samaki wa mto Luapula. Gari lake ni Land Cruiser ya pick-up, HZJ79, mashine ya 1HZ ya silinda sita na lita 4.2, ambayo wengi wenu mnaijua kwa mlio hata kabla haijatokeza kwenye kona. "Yaya, kaka yangu," anasema, "mvua za mwaka uliopita zilinilaza njiani, gari limezama matopeni. Fundi ananiambia tuinue sentimita 10. Nikubali?"

Hapana, mdogo wangu, usikubali bado. Kaa hapo nikueleze kwa nini, kwa sababu hizo sentimita 10 zitakula dola zako na mvua zikija utalala njiani vilevile.

Chini ya gari la aina hiyo kuna ponti mbili, ya mbele na ya nyuma, kila moja na tumbo lake la chuma lenye gia ndani. Resori, au springi kama wasemavyo wenzetu wa Tanzania, zimekaa juu ya ponti, na juu ya resori ndipo ilipo chasi, na juu ya chasi kabini na karoseri. Ukiweka resori ndefu, vyote vilivyo juu yake vinapanda. Ponti yenyewe haipandi hata milimita moja. Imebaki palepale tairi lilipoiweka. Sasa fikiria njia ya Kasenga mwezi wa pili, malori yamepita yakachimba mifereji miwili, na katikati ukabaki mgongo wa udongo. Nani anaugusa mgongo ule kwanza? Ni tumbo la ponti. Linakaa juu ya udongo, matairi yanazunguka bure ndani ya mifereji, na wewe juu huko kwenye kabini yako ndefu unaona mbali vizuri sana, lakini huendi popote.

Kinachopandisha ponti ni tairi, na hapo nako hesabu ni ya kusikitisha kidogo. Tairi la 265/75 R16 lina kipenyo cha milimita 804 hivi. Ukivaa la 285/75 R16 unapata milimita 834 hivi. Tofauti ni milimita 30, ila ponti iko katikati ya gurudumu, kwa hiyo inapata nusu: milimita 15. Kwa sentimita hiyo moja na nusu unalipa kwa njia nyingine. Dashibodi ikikuambia kilomita 80 kwa saa, kweli yake unakwenda 83. Na ile 1HZ haina turbo. Inavuta hewa ya Lubumbashi, mita 1,200 hivi juu ya bahari, ambayo ni nyepesi kuliko ya pwani, na sasa unaitwika matairi makubwa zaidi ya kuzungusha. Kwenye mlima, umebeba, utaisikia inavyolalamika.

Sisemi kupandisha hakuna faida. Kuna faida. Chasi inaepuka vichuguu, tangi la mafuta linaepuka visiki, pua ya gari haichimbi ukingo unapotoka kwenye korongo, na tairi kubwa linapata nafasi ya kugeuka bila kusugua. Wanaokwenda porini kwelikweli wanahitaji hayo. Kule Kenya, nchi ya Afrika Mashariki, namaanisha, si komini yetu, kuna mashindano yaitwayo Rhino Charge, tangu 1989, ambayo fedha zake zilikwenda kujenga uzio wa msitu wa Aberdare. Timu hupewa saa 10 kufika kwenye vituo 13, na mshindi ni aliyevifikia kwa umbali mfupi kuliko wote. Mfupi maana yake wanakata moja kwa moja, kwenye miamba, kwenye makorongo, pasipo njia. Magari yao ukiyaona yamesimama kama ndege korongo ziwani, na yanastahili kusimama hivyo. Lakini mwenzangu wa samaki hakati porini. Anafuata njia, mbaya lakini ni njia, amebeba, na anataka kufika kabla barafu haijayeyuka.

Wazee wenzangu watakumbuka Peugeot 504. Gari lile halikuwa refu hata kidogo. Lilikuwa taksi, lilikuwa gari la mkurugenzi, lilikuwa gari la arusi. Na bado lilishinda Safari Rally ya Afrika Mashariki mwaka 1975, likarudia 1978, baada ya kaka yake 404 kushinda 1963, kisha 1966, 1967 na 1968. Lilishinda kwenye matope ya Kenya, mbele ya watu waliokuwa na nguvu zaidi za mashine. Miongoni mwa siri zake ni mwendo wa gurudumu. Gurudumu la 504 lilishuka sana shimoni na kupanda sana kwenye tuta huku bodi imetulia, na tairi likabaki limegusa ardhi. Tairi lililogusa ardhi linasukuma, linafunga breki, linageuka. Lililo hewani halifanyi chochote. Kwa hiyo mtu akikuuzia kifurushi cha kupandisha gari, kabla hujauliza litapanda kiasi gani, muulize gurudumu litashuka kiasi gani. Akikuangalia kwa mshangao, nenda duka lingine.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo naona magereji mengi yanaliruka, na ndilo kubwa kuliko yote: mzigo. Resori inachaguliwa kwa uzito. Katalogi za watengenezaji wa Australia, kina Old Man Emu na wenzao, hazianzi na urefu. Zinaanza kwa kuuliza gari lako linabeba nini kila siku. Kuna resori ya gari tupu, kuna ya gari lenye kilo mia kadhaa muda wote, kuna ya gari lililojaa daima. Zote tatu zinaweza kukupa kimo kilekile, sentimita 4 au 5, kila moja kwa mzigo wake. Ukichukua ya gari lililojaa ukaiweka kwenye gari la kwenda kanisani, litaruka kama mbuzi na mama watoto atakataa kupanda. Ukichukua ya gari tupu ukapakia samaki, itakaa chini siku ya kwanza, na hizo sentimita ulizonunua zote zimelala.

Kwa hiyo nenda kapime gari, kwa kilo. Mizani ya malori ipo njiani kwenye vituo vya kulipia barabara, ipo kwenye maghala. Ongea vizuri na mtu wa mizani. Pima likiwa tupu, kisha likiwa limepakiwa vile unavyopakia kweli, na ikiwezekana pima ponti ya mbele peke yake na ya nyuma peke yake, magurudumu mawili juu ya mizani, mawili nje. Watu hushangaa. Pipa la mazuti, yaani dizeli, la lita 200 ni kilo 170 hivi bila kuhesabu chuma chake. Bidoni tano za maji za lita 20 ni kilo 100. Bampa la chuma na winchi mbele navyo si vyepesi, na vinakaa pale mwaka mzima, unapobeba na usipobeba. Kisha juu ya magunia wanapanda watu. Tunawaona kila siku kwenye njia za makala, yaani mkaa, mama amekaa juu kabisa, mtoto mgongoni. Kila sentimita unayoongeza chini inawapandisha na wao, na gari likiinama kwenye korongo ndio wanaotangulia kwenda. Mtu anayebeba abiria juu ya mzigo, mimi kwangu, hana ruhusa ya kuongea habari za sentimita 10.

Ukishapima kilo, chukua utepe upime kimo. Usipime kutoka chini, kwa sababu upepo wa tairi utakudanganya. Pima kutoka katikati ya gurudumu, pale kwenye kofia ya habu, kwenda juu wima hadi ukingo wa madigadi. Fanya pande zote nne, andika. Land Cruiser nyingi zinazozunguka hapa zimefanya kazi miaka 20 na zaidi, na resori zake zimechoka. Zimeshuka sentimita 3, pengine 4, na mwenyewe hajui kwa sababu zimeshuka pole pole. Huyo hahitaji kupandisha. Anahitaji resori mpya za kawaida, na gari litarudi mahali lilipozaliwa. Nimesimama pale gereji nikaona upande wa dereva uko chini kuliko upande mwingine kwa upana wa vidole viwili, na mwenye gari anaapa kwamba liko sawa, hadi fundi alipomwekea utepe mbele ya macho.

Hapo linakuja jambo la upande wa usukani, ambalo sisi wa Katanga linatuhusu kuliko watu wengi. Hapa tunaendesha kulia, lakini magari mengi yetu yalitoka Japani, yakapitia Dar es Salaam na Zambia, yakaingia mpakani Kasumbalesa na usukani wake wa kulia. Resori nyingi za koili za Land Cruiser huja jozi isiyolingana: ya upande wa dereva ni ndefu kidogo, kwa sababu ya dereva mwenyewe na uzito ulio upande wake. Duka likikupa jozi ya usukani wa kushoto, na gari lako ni la kulia, ukizifunga kama karatasi isemavyo, gari litainama. Soma alama zilizoandikwa kwenye koili kabla ya kufunga. Kuzibadilisha pande kabla ya kufunga ni kazi ya dakika. Baada ya hapo ni siku nzima.

Nyuma ya HZJ79 kuna malame, zile resori za vipande bapa vya chuma vilivyopangwa, na malame ndiyo eneo la ufalme wa mafundi wetu. Wanaongeza lame moja kutoka gari lililokufa, wanalikata, wanalitoboa, wanalifunga, na gari linabeba. Sitaidharau kazi hiyo. Ikifanywa na mtu anayejua, likichaguliwa lame la unene unaolingana na yaliyopo, inasaidia, na bei yake ni ya watu. Nisichokubali ni moto. Lame la resori ni chuma kilichopewa ugumu wake kiwandani kwa joto la kupimwa. Ukilipasha kwa oksijeni hadi liwe jekundu ili ulikunje upya, ule ugumu unaondoka. Litakaa limekunjwa vizuri wiki chache, kisha litalala, au litakatika, na litakatika siku umepakia. Kuna na wale wanaorefusha jumele, vile vishikizi vya mwisho wa malame. Jumele ikiongezwa sentimita 10, gari linapanda 5 tu, kwa kuwa ncha moja ya resori imepanda na nyingine imebaki, na ponti nzima imejizungusha kidogo. Ikiwa umeizungusha nyuma, shafti inaanza kutetemeka. Ikiwa umeizungusha mbele, kwa magari yenye malame huko pia, usukani unabadilika tabia.

Wenye Hilux na Prado mnasema, huyu papa anaongea ya Land Cruiser tu. Haya. Nyinyi mbele hamna ponti nzima. Kila gurudumu linajitegemea, na nguvu inafika kwa kadani. Ukiinua mbele, kadani inafanya kazi imepinda, na kila unavyozidi kuinua inapinda zaidi, hadi sufle yake ya mpira inapasuka, vumbi linaingia, na baada ya hapo unasikia ta-ta-ta kila unapokata kona. Sentimita 5 ndizo ukingo. Nyinyi mnaobeba kila siku mngebaki 3 au 4. Kile kipande cha duara wanachoweka juu ya resori ili ipande kwa bei ndogo hakiongezi mwendo wowote. Kinachukua mwendo wa kushuka na kuuhamishia kwenye kupanda, na amotisa inagonga mwisho wake kila shimo. Na zile Pajero za zamani zenye fimbo ya torsioni, ambapo fundi anakaza bolti moja na pua ya gari inanyanyuka bila kununua kitu, ni hadithi ileile. Imenyanyuka, lakini gurudumu halishuki tena, na mgongo wako utajua.

Amotisa, shokapu kwa wengine, ndiyo ningenunua mapema kuliko resori. Kazi yake ni kutuliza resori, na inaifanya kwa kusukuma mafuta kwenye vitundu vidogo, kazi inayozaa joto. Njia ya vumbi yenye vile vijituta vya mfululizo, vinavyotikisa meno, inaipiga amotisa mara nyingi kwa kila sekunde, saa baada ya saa. Mafuta yanapata moto sana, yanachanganyika na hewa, yanakuwa povu, na povu halitulizi chochote. Ndiyo maana nyingine hujazwa gesi ya naitrojeni, ili kulizuia lile povu. Ukisimama njiani, ikaribie kwa mkono bila kuigusa. Ya upande mmoja ikiwa ya moto na ya upande wa pili imepoa, ile iliyopoa imekufa zamani. Na ukipandisha gari ukaacha amotisa za urefu wa zamani, umelifunga gurudumu kamba fupi: amotisa itavutwa hadi mwisho kabla gurudumu halijafika chini ya shimo.

Breki sasa, na hapa naomba mafundi wanisikilize. Nyuma ya Land Cruiser na Hilux nyingi kuna kifaa kidogo kwenye chasi chenye fimbo iliyoungwa na ponti. Kazi yake ni kujua kama gari limebeba. Mzigo ukikandamiza chasi, fimbo inasogea, na breki za nyuma zinapewa nguvu zaidi. Gari likiwa tupu, zinapunguziwa ili zisikamate ghafla. Ukipandisha gari bila kugusa fimbo hiyo, kifaa kinadhani gari ni tupu milele. Umepakia tani nzima, unateremka kilima kwenye njia ya Likasi, lori la madini liko mbele yako, na breki za nyuma zinafunga kama za gari lisilo na kitu. Kurekebisha ni kusogeza kishikizo cha ile fimbo kwa kiasi kile gari lilichopanda. Angalia na mipira ya breki, ile inayokwenda kwenye magurudumu: nyanyua gari kwa jeki kwenye chasi hadi gurudumu lining'inie, kisha itazame. Ikiwa imenyooka na kukaza, ni mifupi.

Ponti ya mbele ya koili ina fimbo nyingine ya kulala, inayoishika isiende kando. Gari likipanda, fimbo hiyo inaivuta ponti upande mmoja, na mikono inayoishika ponti inaizungusha. Utaona unapotoka kwenye kona: usukani ambao zamani ulirudi wenyewe sasa unabaki palepale, na kwenye lami gari linatangatanga. Hadi sentimita 5 inasahihishwa kwa mipira maalumu ya kwenye ile mikono. Ukizidi hapo unaanza kununua vitu ambavyo mwanzo hukuvipigia hesabu: fimbo ya kurekebishwa, mipira mirefu ya breki, wakati mwingine shafti. Bei ya sentimita 10 haiko kwenye resori peke yake.

Basi, mdogo wangu wa njia ya Kasenga. Kwako ningeanza na matairi ya meno yenye ukubwa uleule, na pampu ya upepo ndani ya gari. Kwenye matope, ukiwa umepunguza mzigo, shusha upepo kutoka kilo 2 na nusu hadi 1 na nusu. Tairi linalala, linakuwa na mguu mrefu zaidi. Ukifika pagumu lijaze tena, kwa sababu visiki vinapenda tairi laini. Kisha amotisa nne nzuri. Kisha resori za uzito ulioupima, nyuma za mzigo wa kudumu, mbele kulingana na hilo bampa lako. Hizo zitakuinua sentimita 4 au 5 zenyewe bila hata kuziomba. Beba na sepetu, na kamba.

Na siku fundi akikurudishia ufunguo, bado. Baada ya kilomita 500 rudi akaze tena bolti zote za malame, maana resori mpya hujikalia na bolti zinalegea. Na jioni ileile ya kwanza simama mbele ya ukuta, mita 5 hivi, gari limepakiwa, uwashe taa. Gari lililopanda linamulika juu, machoni mwa anayekuja, na njia ya Kasumbalesa usiku ina malori ya kutosha bila wewe kuwapofusha mashofere wake. Bisibisi moja nyuma ya taa inatosha kuzishusha. Mimi nawaachia wenzangu wa habari.